Fundi wa Upepo wa Majengo

Mume wangu Usman haamini sabuni. Simaanishi ya kuogea, hiyo anaitumia na mimi ni shahidi. Namaanisha lile povu ambalo mafundi wenzake hupaka kwenye paipu za gari ili kujua upepo unatorokea wapi. Panapovuja povu linatokota, na hata mtoto wa nasari anaweza kunyoosha kidole akasema ni hapa. Usman anaona hiyo ni kazi ya wavivu. Yeye hulala chali chini ya gari, hufumba macho, na husikiliza.

Ni fundi wa upepo. Kwa asiyejua, malori na mabasi makubwa hufunga breki kwa upepo ulioshindiliwa kwenye tangi, na mengine hata hukalia upepo wenyewe: mahali pa springi za chuma yamewekewa maputo ya mpira mzito. Upepo ukitoroka, lori halisimami, au basi linalala upande mmoja. Nyeri ni mji wa kupanda na kushuka, kwa hivyo mtu anayejua upepo umetorokea wapi hakosi wateja. Karakana yake iko Majengo, chini kidogo ya msikiti, katikati ya mashine ya kusaga unga ya Gatimu na kibanda cha Omondi anayechomelea mageti. Kibanda changu kiko hapo mlangoni. Nauza chai, mandazi, na chapati kwa ndengu, na hakuna kinachoingia wala kutoka karakana ile bila mimi kukiona.

Usman alizaliwa hapa hapa Majengo. Babu yake alikuja Nyeri kuwapikia wazungu, akitokea pande ambazo kila shangazi anazitaja kivyake. Bibi yake alikuwa msichana wa Tetu aliyesilimu kwa ajili ya ndoa, na nadhani pia kwa ajili ya pilau. Kwa babu alirithi urefu, kwa bibi akarithi ubishi. Kazi alijifunza kwenye gereji ya malori ya mbao, akiosha vyuma na mafuta ya taa, hadi siku aliyowaambia mafundi wakubwa kwamba breki waliyokuwa wakiihangaikia tangu asubuhi ilikuwa inavuja nyuma ya gurudumu la kulia, sio la kushoto. Walimfukuza kwa utovu wa adabu. Jioni wakamrudisha.

Mimi nilimjua vizuri siku aliyokuja kwetu Nanyuki kuniposa. Wazee walikuwa wameketi, mjomba wake yuko katikati ya maneno mazito ya kunisifu, mara Usman akasimama, akavaa viatu, akatoka mbio huku ameinua kanzu. Watu wa kwetu walidhani ametoroka. Shangazi yangu alishaanza kunihurumia waziwazi. Baada ya muda akarudi, kanzu imeingia tope hadi magotini, akaketi na kusema, "Samahani, wazee wangu. Lile lori lililopita linaelekea Meru, na tangi yake ya breki inavuja." Sisi wengine tulikuwa tumesikia lori tu. Baadaye baba alimuuliza mama kama kijana huyu ni mwendawazimu ama ni mtu mwaminifu. Mama akajibu kwamba anaweza kuwa vyote viwili, na hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Nawaeleza haya ili mjue masikio ya Usman yalikuwa kitu gani. Madereva wa malori ya majani chai walikuwa wakitoka Othaya wanampita fundi huyu na yule hadi wamfikie. Walikuwa hawamwelezi shida. Walizima injini tu na kungoja, na yeye alitembea kulizunguka lori mara moja, mikono mgongoni, halafu akaonyesha. Nilimtazama nikiwa na uso wa kuchoka, kwa sababu mke hafai kumvimbisha mume kichwa mbele ya wateja, lakini moyoni nilikuwa nasikia raha isiyo kifani.

Nyumbani ilikuwa hadithi nyingine. Mtu aliyesikia tundu la sindano kwenye lori linalopita barabarani alikuwa hasikii "leta unga," wala "geti iko wazi," wala "mama yako amepiga simu." Kwa hivyo masikio yake yalipoanza kufa kweli, mimi ndiye niliyechelewa kugundua. Mke gani angegundua? Nilimwita mara tatu, nikasonya, nikaenda kuleta unga mwenyewe kama kawaida yangu.

Niligundua siku lilipoingia lori moja la chai likipiga mluzi hadi kuku wa Omondi wakahama. Usman akamwendea dereva akamuuliza, "Shida ni gani?" Dereva akadhani ni mzaha, akacheka. Mimi sikucheka. Usman alikuwa akingoja jibu, na macho yake yalikuwa kwenye midomo ya yule dereva.

Basi nikaanza kumfichia siri yake. Mteja akija, nilitoka kibandani na kurudia maneno yake kwa sauti kubwa, kama mwanamke mgomvi: "Ati breki inashika pole pole? Ati tangu Karatina?" Nikapata sifa mbaya Majengo yote, kwamba mimi, Mama Aaliya, siku hizi nafokea hata wageni. Usman akiingia chini ya gari, nilipita karibu na sinia ya vikombe na kusimama mahali penye mlio, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Akaniona miguu, akasogea huko. Polepole nikatambua kwamba si mimi peke yangu. Gatimu alikuwa akimwona Usman anashika jeki, anazima mashine yake ya unga na kutangaza kwamba mshipi wake umeteleza. Haikuwezekana mshipi uteleze kila siku. Omondi naye alikuwa anaonyesha kwa kidevu. Lakini hatukuwahi kuliongelea, hata kwa mafumbo. Kila mmoja aliishika siri kana kwamba ni yake peke yake, na aliibeba vizuri.

Mtauliza kwa nini hatukumwambia. Mwenzenu, fundi wa upepo asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Nani angemletea gari? Na Usman bila gari si mtu wa kuishi naye. Sikukuu ya Idd karakana ikifungwa, yeye hufungua kila kitu ndani ya nyumba ili akifunge tena. Blenda yangu haijawahi kupona. Jina lake ndilo lililokuwa linamwamsha asubuhi, na niliapa kwamba halitaondoka mikononi mwangu.

Ndipo ikaja ile gari-nyumba.

Ilikuwa ya Mwalimu Phoebe. Mwalimu ni mtu wa Kimilili, lakini amefundisha Nyeri hadi akastaafu, na nusu ya makarani wa mji huu wamepitia fimbo yake. Mumewe, Seth, alikuwa afisa wa polisi, naye amestaafu. Waliinunua kwenye shamba moja upande wa Nanyuki, ambako wazungu waliokuja nayo zamani waliiacha na kuku wakaifanya makao. Ni gari refu la miaka ya sabini, rangi ya maziwa na mstari wa kahawia, na ndani kuna kitanda, jiko, sinki, na kabati zenye vishikio vya shaba. Majengo nzima ilikuja kuchungulia. Mwanamke mmoja aliniuliza kama choo nacho kinatembea.

Lakini haikuwa anasa. Seth alifanyiwa upasuaji wa mgongo na hawezi kukaa kwenye kiti safari ndefu, ila akilala hana shida. Mama yake mzee yuko Kimilili na anamuulizia kila simu. Kwa hivyo Mwalimu alitaka kumlaza mumewe kwenye kitanda kile na kumpeleka kwao. Shida ilikuwa moja tu: gari likijazwa upepo linasimama sawa, likilala usiku kucha linaamka limeinama nyuma upande wa kushoto, na kitanda kiko huko huko. Nitawaambia mapema kwamba Seth alifika Kimilili, ili msisome mkiwa na wasiwasi naye. Aliyekuwa anazama pale ni mume wangu.

Usman aliweka magogo yake ya mkaratusi chini ya chasisi, kwa sababu hata uwe fundi namna gani huingii chini ya gari la upepo bila magogo, akalala chali, akafumba macho. Gatimu mshipi wake ukateleza. Tukangoja. Mimi nilipita na vikombe vyangu, lakini safari hii sikuwa na pa kusimama, maana sikusikia kitu. Usman akatoka akasema, "Ni puto ya kushoto."

Mwalimu akasema kwa upole, "Fundi, na tukipaka sabuni kwanza, tuone?"

Usman alitabasamu lile tabasamu lake la kuwasamehe watu. Na hapo ndipo tulipokosea, sisi sote. Puto lile halikuwa linalia, na kila aliyekuwa hapo alijua kwamba halilii. Ungepaka sabuni ungeona halivuji. Lakini Gatimu akasema, "Mwarimu, mzee akisema ni puto, ni puto," na Omondi akaitikia, na mimi nikaitikia kuliko wote. Tulimwona mtu tunayempenda anakosea, tukampigia makofi.

Puto lilipatikana Karatina, la basi la zamani, likabadilishwa. Gari likainuka sawa kabisa, Mwalimu akashukuru Mungu kwa sauti. Kesho yake asubuhi lilikuwa limeinama.

Akabadilisha valvu. Likainuka, likainama. Akabadilisha paipu yote ya nyuma, na hiyo ilikuwa kazi ya kujikunja kwenye tope la Julai, na baridi ile ya Nyeri inayoingia kwenye mifupa na kukaa huko kama mgeni asiyeaga. Likainuka, likainama. Mwalimu hakulalamika hata mara moja. Kila asubuhi alikuja na koti lake la kijani, akalitazama gari, akasema, "Imelala tena, fundi," kama anayeripoti mtoto aliyekosa shule. Usman akawa hali chakula vizuri. Alikuwa akilizunguka gari lile mikono mgongoni, mara moja, mara mbili, na haonyeshi kitu.

Halafu siku moja akalegeza nati ya paipu akidhani upepo umekwisha, kumbe haujaisha. Sote tulisikia ukianza kutoka, sauti nyembamba kisha nene. Omondi alipiga kelele, "Mzee, toka!" Mimi nilipiga kelele. Mwalimu Phoebe alipiga kelele ya darasani. Nyumba nzima ikashuka na kukalia magogo kwa kishindo kilichoangusha birika langu, na miguu ya Usman, ile inayoonekana nje, haikusogea hata kidogo. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa harusi. Baadaye kidogo mkono wake ukatokeza, akasema, "Nipeeni spana ya kumi na saba."

Magogo yalimwokoa, si sisi. Omondi akampa spana. Usman alipotoka na kutukuta tumeganda, akauliza mbona tunamtazama hivyo, na Gatimu akamjibu kwamba ni baridi. Mimi nilienda nyuma ya kibanda nikalia hadi leso ikalowa, na nilipomaliza kulia nikawa na hasira. Sikujua nimkasirikie nani, basi nikawakasirikia mandazi, nikayaunguza yote.

Jioni ile tukila, Usman alisukuma sahani. "Hii gari ikinishinda, Zabibu, nafunga."

"Unafunga nini?"

Ilibidi niulize tena. Akajibu bila kuniangalia, "Karakana. Nampatia mwenye ploti kifunguo yake."

"Kwa sababu ya gari moja?"

"Sio gari," akasema, akainuka kunawa mikono. Nilidhani najua alichotaka kusema. Nilidhani amekwisha kujijua masikio yake na anaona aibu, nikamwachia heshima yake. Nikatoa vyombo.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na manyunyu, na mlima haukuonekana. Mwalimu alikuja na chupa ya chai, akanialika niingie ndani ya gari tunywe pamoja, maana nje hapakuwa pa kukaa. Nilikuwa sijawahi kuingia. Tuliketi kwenye kitanda cha Seth, tumeshika vikombe, na Usman akawasha kompresa yake ili ajaze upepo na kusikiliza kwa mara ya mwisho. Alisema mwenyewe kwamba ni ya mwisho. Nje palikuwa na kelele kama siku zote: kompresa inanguruma, mashine ya Gatimu inasaga, Omondi anakata chuma, redio mbili zinashindana. Gari likainuka chini yetu polepole. Tukamsikia Usman anagongagonga magogo, kisha anaingia chini.

Stima ikapotea.

Majengo ikikosa stima kila kitu hufa pamoja. Mashine ilipungua sauti ikanyamaza, kompresa ikazima, grainda ya Omondi ikanyamaza, redio zikakatika katikati ya tangazo. Kwa muda mfupi, kabla watu hawajaanza kulaani, hapakuwa na kelele kabisa. Usman alikuwa akizipenda dakika hizo kuliko mshahara. Zamani stima ikipotea, watu wengine walitafuta mishumaa na yeye alikimbilia chini ya gari.

Na mimi, nimekaa kitandani na kikombe mkononi, nikasikia. Sssss. Kitu kidogo sana, lakini wazi. Hakikutoka chini. Kilitoka mbele, chini ya usukani, mahali palipokuwa na saa mbili ndogo zenye mishale, moja ya kuonyesha upepo wa kulia na nyingine wa kushoto. Paipu nyembamba ilikuwa inatoka kwenye puto la nyuma na kupita chini ya sakafu hadi kwenye saa ile. Tulikuwa tumebadilisha kila kitu nyuma, na hakuna aliyefikiria kutafuta ndani, karibu na miguu ya dereva.

Mwalimu aliniangalia. Naye alikuwa amesikia. Gatimu, ambaye mashine yake ilikuwa imezimika, alikuwa amesimama mlangoni akijikinga mvua, na nikaona macho yake yanaelekea pale pale.

Kutoka chini Usman akauliza, "Mnasikia kitu huko juu?"

"Hapana, mzee!" Gatimu akajibu haraka. "Hakuna kitu!"

Alisema kwa mapenzi matupu. Nilijua hesabu yake, kwa sababu ndiyo ilikuwa yangu: tukisema tumesikia, mzee atajua kwamba yeye hasikii. Hata mimi nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni. Ningeangusha kijiko karibu na usukani, nimwite anitolee, aisikie kwa vidole, aitangaze yeye. Ingekwenda vizuri kabisa. Lakini niliikumbuka ile miguu isiyosogea, na ule mluzi wa wimbo wa harusi, na hasira ya jana ikanipanda.

"Inasikika!" nikapiga kelele. "Baba Aaliya! Inasikika, hata paka wa msikitini anaisikia! Kuja huku!"

Gatimu alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Usman akatoka chini, akapanda kwa mlango, anapangusa mikono kwa kitambaa. "Wapi?"

"Wewe husikii?"

Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine, kama alivyofanya maisha yake yote. Sisi watatu tukazuia pumzi. Ile sauti ilikuwa inaendelea pale, umbali wa mkono kutoka alipokuwa.

"Sisikii," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno lile. Nikamshika mkono, nikauchovya kwenye kikombe cha Mwalimu, ambacho chai yake ilikuwa imepoa, nikamwinamisha na kuusukuma ule mkono uliolowa nyuma ya saa ya kushoto. Alikaa hivyo kidogo. Halafu kidole kimoja kikasogea, kikarudi, kikatulia.

"Baridi," akasema. "Ni hapa. Nati imepasuka."

Nilingoja afurahi. Badala yake aliketi kwenye kiti cha dereva, mikono magotini, akatutazama mmoja mmoja. "Mlikuwa mnajua."

Gatimu alichunguza viatu vyake. "Mimi nilikuwa nafikiria ni mimi peke yangu najua, mzee. Ndio maana ile mshipi..."

"Hata mimi," akasema Mwalimu Phoebe. "Nilijua siku ya kwanza. Nimefundisha watoto wengi wa nyuma ya darasa."

Nilitaka kucheka, kwa sababu ni kichekesho, watu wazima wote wale wamebeba siri moja kila mtu kwa mfuko wake. Lakini Usman hakuwa anacheka.

"Mimi nilidhani mmenichoka," akasema.

Alikuwa akiongea na usukani.

"Nikiingia, watu wananyamaza. Gatimu akiniona anazima mashine, nikasema, haya, hataki nimkute nimsalimie. Omondi hasemi na mimi tena, ananionyesha kwa kidevu kama mbwa. Na wewe, Zabibu. Mbele ya wateja unanifokea. Nyumbani midomo yako inasonga kidogo tu, kama mtu anayejiongelesha mwenyewe. Nikajiambia basi, nimezeeka, wamechoka na mimi, na mke wangu pia. Nikasema hii gari ikinishinda, nitaenda nikae nyumbani nisiwasumbue." Akapangusa vidole kwa kitambaa ingawa vilikuwa safi. "Sikujua ni masikio. Nilidhani ni nyinyi."

Mimi Zabibu sijawahi kukosa maneno. Nimewajibu askari wa kaunti, nimemjibu imamu, nimewajibu wakwe zangu wote wakiwa wamekaa pamoja. Pale nilikosa. Nilikuwa nimelilinda jina lake kwa nguvu zangu zote, na wakati huo wote alikuwa ameketi peke yake ndani ya nyumba yangu, akiamini hapendwi. Gatimu alikuwa analia bila kujificha, mtu mzima mwenye unga hadi kwenye kope.

Nikainuka, nikamwendea. Sikio lake la kulia lina uhai kidogo kuliko la kushoto, hilo nilikuwa nalijua, nikainama hapo hapo. Nikamwambia kwamba kila asubuhi akitoka mlangoni huwa namwombea Mungu amrudishe, na huwa namwambia, na alikuwa anaondoka bila kugeuka nami nikadhani ni kiburi chake. Nikamwambia kwamba sijamchoka, kwamba nilimpenda siku aliyoingia kwetu na tope kwenye kanzu, na nampenda sasa akiwa kiziwi, mbishi, na mharibifu wa blenda. Sikunong'ona. Ilibidi niseme kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na stima haikuwepo, na hapakuwa na mashine wala redio ya kunifunika. Majengo yote ilinisikia. Omondi alitoka kibandani. Wazee waliokuwa wakitawadha nje ya msikiti waligeuka. Mwanamke wa heshima hasemi maneno kama yale barabarani, na mimi ni mwanamke wa heshima, waulizeni.

Usman alikuwa akiniangalia midomo wakati wote. "Sema tena," akasema. "Hapo katikati sikushika."

Nikavuta pumzi nikaanza upya. Stima ikarudi kabla sijafika mbali, mashine ya Gatimu ikanguruma tupu, kompresa ikashika, redio zote mbili zikafoka, nami nikapandisha sauti juu yao na kuendelea hadi nikamaliza.